Safari ya Pampu ya Landrova ya Baba

Wanakwaya wenzangu, kila mmoja wenu amenishika mkono kwa zamu yake mlangoni mwa kanisa na kuniuliza nilipotelea wapi. Wa sauti ya kwanza mmeambiwa nilikwenda Zambia kufanya biashara. Wa besi mmesikia nilikwenda Galula kumwoza Lazaro. Sasa naandika mara moja, msome wote, tusichoshane. Zambia nilifika, ila kwa muda wa kula chakula cha mchana. Lazaro sikumwoza. Alikataliwa, na alikataliwa kwa manufaa ya familia yetu nzima, kama mtakavyoona.

Chanzo ni shangazi yangu Sesilia, dada pekee wa baba aliyebaki duniani. Anaishi Ileje, milimani, mbele ya Itumba, tangu alipoolewa. Mume wake amefariki, miguu yake imechoka, na hivi karibuni alituma neno kwa simu ya mjukuu wake kwamba anataka kuiona Igamba, nyumbani kwao, mara moja tena kabla hajafumba macho. Jambo dogo, mtasema, kodini gari. Baba akakataa. "Nilimpeleka mwenyewe kwa gari langu," alisema, "nitamleta mwenyewe kwa gari langu." Tukapiga simu Ileje tukidhani mwanamke atakuwa na akili zaidi. Shangazi akajibu kwamba yeye anamsubiri kaka yake, hasubiri Noah ya mtu. Wazee wawili, vilima vyote vile katikati, na ukaidi mmoja.

Gari lenyewe ni ile Landrova ya kijivu mnayoijua, iliyonizidi umri kiasi kwamba nikiiamkia sitakuwa nimekosea. Tulipoiwasha kuijaribu ilikwenda mpaka mteremko wa kisimani, ikapiga yowe, ikafukiza mvuke. Pampu ya maji ilikuwa imekufa, ile inayozungusha maji ya kupoza injini. Mwili wake ulikuwa umepasuka na mhimili wake umelika. Bila pampu Landrova inatembea kwa muda wa kubandika chai, kisha inachemka yenyewe. Fundi wetu wa Igamba akaifungua, akanikabidhi, akanionya: "Mama Tumaini, bila sampo, yaani hii mbovu ya kuwaonyesha, usiende popote. Gari hili siku hizi hata ukilitaja jina wanakuuliza ni la kampuni gani." Ilikuwa inachuruzika grisi na kutu, kwa hiyo nikaifunga kwenye kitenge changu cha maua mekundu, nikalifunga fundo juu. Kumbukeni kitenge hicho, kilinitia matatani.

Igamba hadi Ihanda, tukisubiri malori

Nilimchukua Lazaro, mtoto wa mjomba. Mnamjua. Amepita arobaini, hana mke, na ana koti. Koti lile hulivaa akienda mahali pa heshima, na kwake Tunduma ni mahali pa heshima kuliko Dodoma. Alisema anawajua wauza spea wote wa Tunduma na kwamba Kibemba anakizungumza hadi wenyewe wanashangaa.

Basi lilitutoa Mlowo vizuri, likapita Vwawa vizuri, likafika Ihanda likazima. Mbele yetu malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani, moja nyuma ya jingine, mpaka macho yanachoka. Kulikuwa na lori limeziba na njia ya pili kwa sababu dereva wake alikwenda kununua ndizi. Kondakta akatutangazia kwa furaha kwamba hapo ni kusubiri tu.

Tulishuka. Chini ya tela moja dereva wa Kikongo alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la mkaa, mtulivu kama yuko sebuleni kwake. Akatukaribisha, tukala ugali na dagaa, tukaambiwa habari za watoto wake wote. Mwisho akaniuliza kwenye kitenge kuna nini. Nikamwonyesha. Akaigeuza pampu, akainusa, akanirudishia kwa mikono miwili namna mtu anavyorudisha maiti kwa wenyewe.

"Mama, pole sana," alisema.

Lazaro akakasirika, akasema twende kwa miguu tukatafute bodaboda, hawezi kukaa na mtu asiye na imani. Tukatembea kando ya malori, yeye na koti lake, mimi na kitenge changu, tukiitwa na madereva wote "mama mkwe" na "baba mkwe." Wakati ule nilidhani ni utani wa barabarani tu.

Tunduma, mahali ambapo hakuna kisichokuwapo

Tunduma nimeipenda, nisifiche. Ni mji usiojua kusema "hakuna." Muuza spea wa kwanza hakuitazama hata pampu sawasawa, akasema, "Ipo mama, kaa hapo," akaniletea kigoda na soda. Akaondoka na sampo yangu, kitenge na vyote. Baada ya muda mrefu akarudi na pampu nyingine kabisa, inang'aa, ya gari la juzi.

"Hii inaingia," alisema.

"Matundu yake manne, yetu matatu," nikasema.

"Inaingia kwa kulazimisha, mama. Chuma kinabembelezwa."

Wa pili naye alikuwa nayo. Aliileta ikiwa nzito kweli, tukafurahi, mpaka Lazaro alipogundua kuwa ni ya kuvutia maji kisimani. Wa tatu alisema ipo ila iko kwa kaka yake, na kaka yake yuko Lubumbashi. Kati ya wauza spea wote ambao Lazaro alidai anawajua nilimpata mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa anamjua kwa jina la Elia.

"Elia ndiyo jina langu la biashara," Lazaro alinieleza.

Kufika mchana nilikuwa nimechoka, na nilianza kuona aibu ya kurudi kwa baba mikono mitupu. Kila alipopiga simu hakuuliza kama nimeipata. Aliuliza kama Tunduma mvua imenyesha. Nilimwelewa. Barabara ya Ileje ikilowa, Landrova ile haitapanda, na baba alikuwa anahesabu mawingu.

Nakonde, chakula cha mchana

Tukavuka mpaka, tukaingia Zambia. Upande wa pili, jirani na stendi, tulimkuta mfanyabiashara mmoja wa mikanda na mabomba ambaye wote walimwita Ba Mwansa, mtu mnene mwenye sauti ndogo.

"Mulishani mukwai, ba mama?" alinisalimu.

Nikamgeukia mkalimani wangu. Lazaro akajibu, "Bwino, bwino, bwino!" Na huo ndio ukawa mwisho wa Kibemba cha Lazaro, kikaisha papo hapo, chote. Bahati nzuri Ba Mwansa alijua Kiswahili kuliko Lazaro alivyokijua Kibemba.

Alitupeleka kula kwanza. Nshima, ugali wao, ilikuja nyeupe na nzuri, na pembeni sahani ya vitu vyeusi vilivyokaangwa na nyanya. Lazaro alisifu sana dagaa wa Zambia, akamaliza nusu ya sahani. Ndipo Ba Mwansa akamweleza kwa upole kwamba ni ifishimu, wale viwavi wa porini. Lazaro akatazama sahani, akatazama mkono wake, akafikiri maisha yake. Kisha akaimalizia ile nusu ya pili, kwa sababu, alisema, kilichokwisha kuingia kimeingia. Mimi nilikula nikijua, na ni vitamu, msinitazame hivyo.

Baada ya kunawa ndipo Ba Mwansa alipofungua kitenge. Akaigeuza pampu pande zote. "Ba mama, hii ni ya kale sana," alisema. "Mimi sina, na mwingine akikwambia anayo anakudanganya. Lakini kuna mzee wa kwenu kule Galula, huwa anahangaika Tunduma kutafuta mikanda ya mashine, mwisho anaangukia kwangu. Anasaga mahindi kwa injini ya Landrova. Anazo mbili. Moja inasaga, ya pili imelala."

"Atatuuzia pampu ya hiyo iliyolala?"

Ba Mwansa akacheka kwa ile sauti yake ndogo. "Yule? Ile iliyolala ndiyo duka lake la spea. Hauzi hata nati."

Nilimshukuru, natotela mukwai, tukaenda hivyo hivyo.

Galula, ambako tulipokelewa kuliko tulivyostahili

Kwenda Galula ni kuizunguka nchi. Mbalizi, kisha Mkwajuni, kisha unakabidhi roho yako kwa bodaboda. Sisi watu wa Mbozi tumezoea baridi na ukungu wa kahawa, kule bondeni joto linakukumbatia kama ndugu aliyekukosa siku nyingi. Nilimwambia Lazaro avue koti. Akakataa. Alisema tunakwenda kuomba, na mtu haombi akiwa na mikono mifupi. Kufika tulipofika alikuwa amejaa vumbi tangu kichwani, ila vifungo vyote vimefungwa.

Mzee Halinga, mwenye zile injini mbili, tulimkuta uani, kwenye kiti cha kamba. Ni Mnyiha mwenzetu aliyehama Mbozi ujanani. Mnajua watu waliohama walivyo. Mila ambazo sisi tuliobaki nyumbani tulishaziachia, wao wamekwenda nazo na wanazitunza. Nyuma ya nyumba mashine ilikuwa inanguruma, na niliitambua sauti ile kabla sijaambiwa, kwa sababu nimekua nayo. Nikajisikia kama nimefika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilifanya kila kitu alichonifundisha mama. Mgeni hasemi shida yake kabla hajala, basi sikusema. Pampu ilikuwa inavuja grisi, na ua ulikuwa umefagiwa vizuri mno, kwa hiyo niliiweka pembeni ya mlango, kwenye kitenge chake, fundo juu, nikarudi kukaa. Mzee Halinga akaliona lile furushi. Akanitazama mimi. Akamtazama Lazaro na koti lake. Akainuka, akaita ndani, "Mama Esta! Njoo uone wageni."

Mama Esta akatoka akifuta mikono. Akaliona furushi, akapiga magoti, akalipima uzito, akaliinua kwa mikono miwili na kuingia nalo ndani. Mara nikasikia kigelegele huko jikoni. Nilimwambia Lazaro, "Watu wa bondeni wana ukarimu kweli."

Kuku akachinjwa. Mzee akavuta kiti karibu na Lazaro, akaanza kumhoji.

"Unalima?"

"Kahawa, mzee, na mahindi."

"Pombe?"

"Hapana, mzee. Nipo kwaya."

"Wazazi wapo?"

"Mama yupo."

"Na hujawahi kuoa?"

Lazaro akaniinamia akaninong'oneza, "Dada, mtu huyu ana wasiwasi na injini yake." Akajibu maswali yote kwa unyenyekevu, mpaka la meno. Chakula kilipokuja, wali wa kule bondeni na kuku, firigisi ikawekwa kwenye sahani ya Lazaro. Mimi mkubwa wake nipo, mwenye nyumba yupo, firigisi kwa Lazaro. Hapo ndipo kitu kilianza kunigusa mgongoni, ila nilikuwa na njaa.

Mashine ikanyamaza. Akaja Esta mwenyewe, binti wa miaka thelathini na kitu, mweupe wa unga mpaka kope. Yeye ndiye anayesaga. Akatusalimu haraka, akaingia jikoni kwa mama yake, tukasikia fundo linafunguliwa. Kisha akatoka na pampu yetu mkononi.

"Baba," alisema, "hawa wamekuja kuniposa na pampu ya maji?"

Ndipo nikakumbuka, na ningependa ardhi inimeze mimi na kitenge changu. Bibi alitusimulia tukiwa wadogo. Zamani watu wa kuposa walikwenda na jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa nguo. Hawakusema neno. Waliliweka mlangoni wakakaa. Mama wa nyumba akiliokota na kuingia nalo ndani, maneno yamepokelewa. Mwanamke wa makamo, kaka yake aliyevaa koti, chuma ndani ya kitenge, na wote wawili kimya hata hawasemi walichokuja nacho! Wale madereva wa Ihanda walituona waposaji kabla yetu sisi wenyewe. Hata mimi ningechinja kuku.

Nikaeleza. Nilieleza kwa haraka, nikaomba radhi, nikaeleza tena. Mzee Halinga hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amefurahi kweli yule mzee, na sasa majirani wawili walioitwa na kigelegele walikuwa wamesimama kwenye ua wake wakisikiliza.

"Chuma kilichopokelewa na mama wa nyumba hakitoki," alisema.

Hapo nikalia. Sikulia kwa hila, nililia kwa sababu niliona sampo imekwenda, na pampu nayo, na shangazi naye. Nikamwambia habari za baba na dada yake. Nikamwambia wamebaki wawili tu, na kwamba nikirudi bila kitu baba hatapanda gari la mtu, na shangazi hatapanda gari la mtu, na tutawazika kila mmoja kwenye kilima chake.

Mama Esta ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Baba Esta, hakitoki peke yake. Lakini binti akikataa, si kinatoka?"

Mzee akawaza. Kweli, kuna hilo. Binti akikataa, jembe hurudishwa, na halirudi peke yake. Husindikizwa na chuma kingine cha nyumba ile, ili waposaji wasionekane kama waliofukuzwa.

"Esta," mzee akauliza kwa sauti ya baraza, "huyu bwana unamkataa?"

"Namkataa, baba. Nina mtu wangu Mkwajuni."

Mtu wa Mkwajuni ilikuwa habari mpya kwa mzee, niliona, ila akaiweka kando kwa baadaye.

Lazaro akasimama. "Lakini mzee, mimi sijamwomba!"

"Nyamaza, ukataliwe," nikamwambia.

"Dada, nakataliwaje na mtu ambaye..."

"Lazaro! Kwa ajili ya shangazi!"

Akakaa. Akafunga kifungo cha juu cha koti, akainamisha kichwa, akakataliwa mbele ya majirani, na nasema kwa moyo wote kwamba sijawahi kumheshimu kama siku ile.

Mzee akanyoosha mkono kwenye jembe lililoegemea ukuta, atusindikize nalo. Esta akamtangulia. "Anayekataa ndiye anayechagua chuma, si ndivyo, mama?"

"Ndivyo," alisema Mama Esta.

Esta akazunguka nyuma ya nyumba na spana. Tukasikia nati zinalia. Mzee alikuwa ameshaelewa, alikuwa anatikisa kichwa polepole akisema, "Hapana, hapana, duka langu." Binti akarudi na pampu ya ile injini iliyolala, akaiweka juu ya kitenge kando ya yetu, akafunga fundo moja juu ya zote mbili.

"Ya mashine yetu bado nzima, baba," alisema. "Na mila ni mila."

Mzee Halinga alitazama lile fundo. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeibiwa na mtoto wake mwenyewe kwa kutumia sheria zake mwenyewe. Alitusindikiza mpaka kwenye bodaboda akimshika Lazaro mkono, akimfariji.

Vwawa, kwa fundi wa kukereza

Pampu ya Galula ilikuwa na mwili mzima ila mhimili wake umeliwa na kutu ukagandamana. Ilibidi utengenezwe mhimili mpya, kwa vipimo vya ule wa zamani. Tukaenda kwa fundi Simbeye wa Vwawa, mwenye mashine ya kukereza vyuma. Fundi akasema ni kazi ndogo, na alisema kweli, ila umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, fundi alikuwa mazishini. Alipotoka mazishini, umeme ukawa umekwenda. Wakawa wanapishana hivyo, fundi na umeme, kama wachumba waliogombana.

Mke wake alitulisha viazi na maharage, akatunywesha chai, maana sisi tunaolima kahawa ndio tunaokunywa chai. Lazaro alisimulia mitaa yote jinsi alivyomkataa binti mmoja wa Galula.

Siku ya mwisho ya kusubiri ikaja simu kutoka Ileje. Mjukuu wa shangazi alisema bibi hali chakula vizuri. Asubuhi anavaa nguo zake za safari, anatoa mfuko wake, anakaa kwenye benchi nje mpaka jua linapozama, kisha anaurudisha mfuko ndani. "Anauliza kama babu ameshaondoka," alisema.

Nikaogopa. Nilisimama pale kwenye karakana nikamgombeza fundi Simbeye kwa maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua. Yeye alinyoosha mkono akawasha taa, ikawaka, akavuta nondo ya chuma na kuanza kazi. Alikereza mhimili mpya, akaupima na ule wa zamani, akaupunguza, akaupima tena. Beringi aliipata kwenye kopo lake la siri. Gasketi nilikata mwenyewe kwa mkasi kwenye boksi la biskuti, nikaipaka grisi, na baba alipoiona Igamba alisema ndicho kitu pekee chenye akili kilichofanyika tangu niondoke.

Igamba hadi Ileje

Lazaro hakuja. Alisema amekataliwa vya kutosha. Baba alivaa suti yake ya kanisani na kofia. Macho yake mnayajua, yana ukungu siku hizi, kwa hiyo niliendesha mimi na yeye akaendesha kwa mdomo.

"Badili gia."

"Nimebadili, baba."

"Badili tena."

Tulikata kona Mpemba, tukaacha lami ya Tunduma na malori yake, tukaanza kupanda. Kila kilima alinisimamisha. Alishuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya pampu kama anavyopima mtu homa, akafunga, akapanda. Haikuvuja hata tone. Mvua ilitutishia mara mbili ikatuhurumia. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya atakachomwambia dada yake, akidhani hasikiki kwa sababu ya injini. Ilikuwa hotuba ndefu, yenye salamu za waliokufa na walio hai.

Kwenye mteremko wa kuingia nyumbani kwa shangazi akaniambia, "Simama. Shuka." Akahamia kwenye usukani. Sikubishana. Nilitembea mbele ya gari nikimwelekeza kwa mikono, kushoto, kulia, polepole baba, nikimwomba Mungu na breki pamoja. Akaiingiza Landrova uani, akaisimamisha mbele ya benchi kabisa, akaizima.

Shangazi Sesilia alikuwa amekaa pale na mfuko wake magotini. Amekuwa mdogo sana. Baba alishuka, akavua kofia, akafungua mdomo, na ile hotuba yote ikawa imekwenda.

"Umechelewa," shangazi alisema.

"Spea," baba akasema. "Zilikuwa shida."

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha baba akakaa kando yake kwenye benchi, wakashikana mikono, wakalia wote wawili bila kujificha, na mimi nikaenda kuyatazama magurudumu ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Tulilala. Asubuhi tulipokuwa tunapakia, baba alimfungulia shangazi mlango wa mbele. Mbele kuna viti viwili tu, maana cha kati kiling'olewa zamani likawekwa sanduku la spana. Shangazi akasimama akakitazama kile kiti.

"Siku ile ya kuolewa uliniweka nyuma," alisema. Hakusema kwa hasira. "Nyuma, na magunia ya mahindi. Mbele alikaa baba mdogo na mwenyekiti. Nilifika kwa mume wangu vumbi tupu, gauni lote, hata hawakujua lilikuwa jeupe."

Nadhani baba hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Alimshika mkono, akampandisha mbele, akamfunga mlango polepole, akaujaribu kama umefunga. Kisha akachukua mfuko wa dada yake, akazunguka, akapanda nyuma na suti yake, akakaa kwenye benchi la chuma la huko.

Nikamwambia, "Baba, utaumia. Njoo uendeshe hata kidogo."

"Endesha," alisema.

Niliendesha. Shangazi aliufungua mdomo Itumba akaufunga Mlowo, akitaja kila kilima na kila mtu. Kila shimo nilitazama kwenye kioo. Baba alikuwa nyuma kule, kofia imeruka, ameshika chuma cha pembeni kwa mkono mmoja na mfuko wa dada yake kwa mwingine, mweupe wa vumbi mpaka kope, na njia nzima mpaka Igamba hakuniambia hata mara moja nibadili gia.